siRNA ya kulinganishia nayo inaamsha makrofeji: nitajuaje kama ninachopima ni kazi ya jeni au ni siRNA yenyewe?

Mtafiti Mwanafunzi ameuliza:

Ndugu watafiti, naomba msaada wenu katika jambo lililonikwamisha kwa wiki kadhaa sasa. Nachunguza mchango wa NLRP3, protini inayojenga inflamasomu (mkusanyiko wa protini unaowezesha IL-1β changa kukatwa na kutolewa), katika utoaji wa IL-1β, saitokini (protini ya mawasiliano ya kinga) ya inflamesheni, kwenye makrofeji za binadamu, seli za kinga zinazomeza vijidudu. Makrofeji hizo nazipata kwa kutenga monositi kutoka kwenye damu ya wachangiaji na kuzikuza kwa siku sita pamoja na M-CSF, protini inayozikomaza kuwa makrofeji. Baada ya hapo naingiza siRNA, yaani vile vipande vifupi vya RNA ya nyuzi mbili vinavyonyamazisha jeni, kwa kutumia lipidi na kwa kiasi cha nanomola 50. Nasubiri saa 48, naziamsha seli kwa LPS (endotoksini, sehemu ya ukuta wa bakteria) kwa saa nne, kisha namalizia na nigerisini, kichocheo cha inflamasomu ya NLRP3, kwa saa moja. IL-1β naipima kwa ELISA, kipimo cha protini kwa kingamwili, katika kimiminika cha kukuzia seli.

Ninazo siRNA mbili zinazolenga NLRP3, na moja ya kulinganishia ambayo hailengi jeni lolote la binadamu. Hizo mbili zote zimepunguza mRNA (nakala ya ujumbe wa jeni) ya NLRP3 kwa viwango vinavyokaribiana, kwa jinsi nilivyopima kabla ya kuweka LPS. Hata hivyo, IL-1β imeshuka sana kwenye siRNA ya pili, ilhali kwenye ya kwanza imeshuka kidogo tu. Linalonisumbua zaidi ni kwamba siRNA ya kulinganishia nayo imeshusha IL-1β ukilinganisha na seli ambazo hazikuguswa kabisa. Nilipopima CXCL10, protini inayopanda interferoni zikiamka, katika kimiminika hichohicho, nikaikuta juu katika visima (vishimo vya sahani ya kukuzia seli) vyote vilivyopewa siRNA, na kwenye siRNA ya pili imepanda kuliko kwingine kote.

Msimamizi wangu ananishauri nitumie matokeo ya siRNA ya pili kwa kuwa ndiyo "iliyofanya kazi vizuri". Moyo wangu unasita. Je, inawezekana kwamba IL-1β imeshuka kwa sababu isiyohusiana kabisa na NLRP3? Na kama ndivyo, nipange vipi jaribio ili nitenganishe mambo haya mawili? Swali la pembeni: dawa za siRNA ambazo tayari wanapewa wagonjwa zinaepukaje tatizo hili?

Kemia ya Nyuzi amejibu:

Pole kwa kukwama, na moyo wako umesita mahali panapostahili. Jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo, inawezekana kabisa, na kwa dalili ulizozieleza mimi ningeanza kwa kudhani kwamba ndivyo ilivyo mpaka jaribio lionyeshe vinginevyo.

Anayefanya kazi ya kinga na siRNA hapaswi kusahau kwamba chombo anachotumia kinafanana na kitu ambacho seli zake zimeumbwa kukitafuta. Virusi vingi huacha RNA ya nyuzi mbili ndani ya seli, na kwa sababu hiyo mfumo wa kinga ya asili umejaa vipokezi vya kuitambua. Andrew Fire na Craig Mello walipoeleza unyamazishaji wa jeni kwa RNA ya nyuzi mbili mwaka 1998, walifanya hivyo kwa mnyoo mdogo ambaye hana mwitikio wa interferoni, zile protini za kengele dhidi ya virusi. Watu walipojaribu kuingiza RNA ndefu za aina hiyo katika seli za mamalia, nyuzi zenye jozi zaidi ya 30 hivi ziliamsha kimeng'enya cha PKR na njia ya RNase L, seli zikasimamisha utengenezaji wa protini kwa ujumla, na nyingi zikafa. Mlango ulifunguka mwaka 2001, Thomas Tuschl na wenzake walipoonyesha kwamba vipande vya nyukliotidi 21 vinaweza kunyamazisha jeni katika seli za mamalia bila kuleta maafa hayo. Tangu hapo wengi wamejifunza kwa kauli fupi kwamba "siRNA ni fupi, hivyo haionekani na kinga", na kauli hiyo ni kweli nusu tu.

Nusu isiyo kweli ndiyo inayokuhusu. Ufupi wa siRNA unaipitisha mbele ya PKR kwa kiasi kikubwa, lakini haufichi chochote mbele ya vipokezi vilivyomo ndani ya endosomu, yaani vifuko vinavyobeba vitu vinavyoingia kwenye seli. TLR7 na TLR8 husoma RNA yenye uridini na guanosini nyingi, na mifuatano ya mtindo wa UGU imejulikana tangu mwaka 2005 kuwa yenye nguvu ya kuviamsha. TLR3 huitambua RNA ya nyuzi mbili bila kujali mfuatano wake. RIG-I, ambayo hukaa katika saitoplazimu, huvutwa na fosfati tatu kwenye ncha ya 5'. siRNA iliyotengenezwa kwa kemia haina fosfati hizo, ila iliyotengenezwa maabarani kwa polimerasi ya T7 huwa nazo isipoondolewa, kwa hiyo hakikisha unajua yako ilitoka wapi. Lipidi unayotumia hupitisha siRNA kwenye endosomu, tena kwa wingi, na makrofeji za binadamu zina TLR8. Kwa maneno mengine, umeibeba siRNA ukaikabidhi mkononi mwa mlinzi.

Sasa kwa nini IL-1β ishuke badala ya kupanda? Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu wanategemea kwamba mwamsho wowote wa kinga utaongeza saitokini zote kwa pamoja. Interferoni za aina ya kwanza huizuia IL-1β. Zinapunguza utendaji wa inflamasomu ya NLRP3 kwa kupitia STAT1, na zinachochea IL-10, saitokini ya kutuliza inflamesheni, ambayo nayo hupunguza IL-1β ile changa ambayo bado haijakatwa. Basi fikiria siRNA yako ya pili: inaingia, TLR8 inaisoma, seli zinatoa interferoni kwa siku mbili nzima unazosubiri, na unapokuja na LPS na nigerisini unazikuta seli ambazo tayari zimeshusha njia ya IL-1β. ELISA itakupa picha ileile ambayo ungeipata kama NLRP3 ingekuwa imenyamazishwa barabara. Hata hiyo siRNA ya kulinganishia imefanya jambo hilohilo kwa kiwango kidogo, na ndiyo maana nayo imeshusha.

Naomba uangalie mfuatano wa siRNA ya pili, nyuzi zote mbili, uone kama kuna UGU au mkusanyiko wa U na G. Usiangalie uzi elekezi, ule unaotambua mRNA inayolengwa, peke yake. Uzi abiria, ule unaotupwa baada ya Argonaute 2 (kimeng'enya kinachobeba siRNA na kukata mRNA) kuukata, nao huonekana na vipokezi vya endosomu kabla haujafika huko.

Jambo moja la tahadhari kuhusu CXCL10 yako. Kama kimiminika ulichokipima ni kile kilichokuwa na LPS, basi kumbuka kwamba LPS yenyewe huiamsha interferoni-β kwa njia ya TRIF, na CXCL10 hupanda kwa sababu hiyo. Tofauti kati ya visima bado inakuambia kitu, lakini ushahidi safi utaupata kwenye visima vilivyopewa siRNA tu, bila LPS, vikipimwa kati ya saa 6 na saa 24. Pima mRNA ya IFIT1 na ISG15, jeni zinazoamshwa na interferoni, pamoja na CXCL10. Ikiwa zimelala, nitafuta nadharia yangu.

Mkuza Seli amejibu:

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu interferoni, nami nitaongeza yale ambayo mtu huyaona akiwa amesimama mbele ya kabati la seli.

Kwanza, mRNA ya NLRP3 umeipima wakati usiofaa. Katika makrofeji zilizotulia NLRP3 huwa kidogo, na LPS ndiyo inayoipandisha kwa kupitia NF-κB. Kwa hiyo kupungua ulikokuona kabla ya LPS ni kupungua kwa kitu ambacho tangu awali kilikuwa kichache, na baada ya saa nne za LPS seli inaweza kuwa imemwaga mRNA mpya kwa wingi kuliko changamano za RISC (Argonaute 2 iliyobeba siRNA) ulizonazo zinavyoweza kukata. Pima tena baada ya LPS, dakika ileile ambayo ungeweka nigerisini, na upime protini pia kwa kingamwili kwenye utando (western blot). Sitashangaa ukikuta kwamba siRNA ya kwanza, ile unayoiona dhaifu, na ya pili, ile unayoiona hodari, zote zimeacha protini ya NLRP3 ya kutosha kujenga inflamasomu. Inflamasomu haihitaji protini nyingi ili iwake.

Pili, ELISA nyingi za IL-1β hushika ile iliyokatwa na, kwa kiasi fulani, hata ile changa iliyovuja kutoka kwenye seli zilizokufa. Chukua kimiminika na seli zenyewe, uzipime kwenye utando, uone kipande cha kilodaltoni 17 upande wa nje na kile cha 31 upande wa ndani. Kama kile cha ndani kimepungua katika visima vya siRNA, basi tatizo liko kwenye hatua ya maandalizi, si kwenye inflamasomu. TNF, saitokini nyingine ya inflamesheni, itakusaidia hapo pia, kwa sababu LPS huitoa bila kuhitaji NLRP3. Kinachoshusha IL-1β kwa sababu ya NLRP3 kinapaswa kuiacha TNF mahali pake. Kikiishusha na TNF, kimegusa kitu cha juu zaidi. Pima na LDH, kimeng'enya kinachovuja kutoka kwenye seli zilizokufa, maana kisima chenye seli chache hutoa kila kitu kichache, na lipidi za transfeksheni (za kuingizia siRNA) huziua makrofeji kuliko watu wanavyodhani. Mimi huvitazama visima kwa hadubini kila asubuhi kabla ya kugusa pipeti. Makrofeji zilizochoka huanza kuwa duara na kuachia sakafu, na siku hiyo hakuna kipimo kitakachoniambia kitu cha maana.

Tatu, na hili naliona halizungumzwi vya kutosha, chunguza endotoksini katika siRNA, katika bafa na katika lipidi zako. Kuwa na LPS kidogo nje ya seli ni jambo moja, ila lipidi ya transfeksheni inaweza kuibeba mpaka ndani ya saitoplazimu, ambako kimeng'enya cha kaspesi-4 huishika moja kwa moja bila TLR4, kipokezi cha kawaida cha LPS, kuhusika na kuamsha kifo cha seli pamoja na NLRP3 kwa njia ya mzunguko. Niliwahi kupoteza miezi miwili kwa chupa moja ya bafa. Kisima kilichopewa lipidi peke yake bila siRNA ndicho kilichonifichulia, na kisima hicho sikioni katika maelezo yako. Linganisha seli zisizoguswa, seli zenye lipidi tu, na seli zenye siRNA ya kulinganishia. Bila cha katikati huwezi kujua mzigo ni wa lipidi au ni wa RNA.

Ili kuonyesha umahususi, ningeongeza pia kichocheo cha inflamasomu nyingine. Weka DNA ya nyuzi mbili ndani ya seli ili iamshe AIM2. Kama siRNA yako kweli inagusa NLRP3 pekee, IL-1β inayotokana na AIM2 haitashuka.

Daktari wa Kinga amejibu:

Ushauri wa Mkuza Seli ni mzuri wote isipokuwa mstari wa mwisho, na naomba kwa heshima niusahihishe kabla mwanafunzi hajaagiza vifaa. Katika makrofeji za panya jaribio hilo la DNA na AIM2 ni sahihi. Katika seli za binadamu za ukoo wa monositi, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba DNA iliyoingia saitoplazimu hupita njia ya kutambua DNA ya cGAS na STING, lisosomu zinapasuka, potasiamu inatoka nje ya seli, na mwishoni NLRP3 ndiyo inayowaka. AIM2 haihitajiki. Kwa hiyo mwanafunzi wetu angeweka DNA, IL-1β ingeshuka kwa sababu NLRP3 imenyamazishwa kweli, naye angehitimisha kwamba siRNA yake si mahususi. Angelitupa jaribio zuri.

Kwa seli za binadamu ni afadhali kuamsha NLRC4, inflamasomu nyingine, kwa protini ya sindano ya bakteria, ile ambayo kipokezi cha NAIP huitambua, iliyoingizwa ndani ya seli kwa njia isiyotumia lipidi. Na njia rahisi kuliko zote ni kuongeza MCC950, kizuizi cha NLRP3 kilichoelezwa mwaka 2015, katika visima vya siRNA ya kulinganishia. Hicho kitakuonyesha ni sehemu gani ya IL-1β yako inayotegemea NLRP3 kwa hakika. Hiyo ndiyo nafasi yote ambayo siRNA yako inaweza kuishusha kihalali. Ikishusha zaidi ya hapo, kuna kitu kingine kinachofanya kazi.

Acha pia visima vyenye LPS bila nigerisini. Monositi za binadamu zinaweza kutoa IL-1β kwa LPS peke yake, na ingawa makrofeji zilizokomaa hufanya hivyo kwa uchache, hutaki kiasi hicho kijichanganye na kile cha nigerisini.

Mtafiti Mwanafunzi:

Nawashukuru sana walimu wangu. Nimekaa na mifuatano yangu jioni nzima. Uzi abiria wa siRNA ya pili una UGUGU karibu na ncha yake ya 3', na uzi elekezi una U nne mfululizo. siRNA ya kwanza haina UGU hata moja. Ile ya kulinganishia ina UGU moja. Kwa kweli niliposoma herufi hizo nilijisikia kana kwamba mtu ameniwashia taa chumbani, kwa sababu mpangilio wake unafuata mpangilio wa CXCL10 niliyoiona.

Kimiminika nilichopima CXCL10 kilikuwa na LPS, kama Kemia ya Nyuzi alivyohofia, kwa hiyo nitarudia bila LPS. Nina maswali mawili. Je, niagize siRNA hiyohiyo ya pili ikiwa na marekebisho ya kikemia, au niiache kabisa? Na je, nifikirie kuweka klorokwini ili nizime vipokezi vya endosomu?

Kemia ya Nyuzi:

Klorokwini usiitumie hapa. Ni kweli inazuia kazi ya TLR za endosomu, lakini inafanya hivyo kwa kuvuruga asidi ya endosomu na lisosomu, na lisosomu zilizovurugika zinagusa NLRP3 na pia njia ambayo siRNA hutorokea kwenda saitoplazimu. Utakuwa umezima kengele kwa kubomoa ukuta. Ukitaka uthibitisho wa TLR8, tumia kizuizi mahususi cha TLR8 kwa jaribio moja la uchunguzi, kisha endelea.

Kuhusu siRNA ya pili, mimi ningeiagiza upya ikiwa na 2'-O-methili, kundi dogo la kikemia, kwenye uridini na guanosini kadhaa za uzi abiria. Yatosha marekebisho machache, kwani imejulikana kwa miaka mingi kwamba hata sehemu ndogo ya nyukliotidi zikibeba kundi hilo, TLR7 na TLR8 hunyamaza, na unyamazishaji wa jeni unabaki. Kwenye uzi elekezi uwe mwangalifu zaidi, hasa maeneo ya katikati, kwa kuwa Argonaute 2 hukata mRNA mkabala na nafasi ya 10 na 11 kutoka ncha ya 5', na kundi lililowekwa vibaya huko linaweza kupunguza ukataji. Nafasi ya 2 ni tofauti: 2'-O-methili pale hupunguza athari zisizokusudiwa zinazotokana na eneo la mbegu, nafasi ya 2 mpaka ya 8, ambalo hufanya kazi kwa mtindo wa mikroRNA na kugusa mRNA nyingi zenye ulinganifu mfupi tu.

Ninaipendekeza kwa sababu ya thamani yake kama jaribio. Utakuwa na mfuatano uleule katika sura mbili, moja yenye kelele na moja iliyotulia. Ikiwa sura iliyotulia bado inapunguza protini ya NLRP3 sawasawa na ile ya awali, lakini IL-1β haishuki tena kwa kiwango kile, umepata jibu la swali lako kwa njia ambayo hakuna mhakiki atakayeipinga. siRNA ya kulinganishia lazima nayo iwe na kemia hiyohiyo. Kulinganisha siRNA iliyorekebishwa na ya kulinganishia isiyorekebishwa ni kosa ninalolikuta katika maandiko mengi kuliko inavyostahili, na huwa linazalisha matokeo mazuri ya kupendeza ambayo hayamaanishi chochote.

Ongeza pia siRNA ya aina ya C911 kwa kila mfuatano unaoutegemea, yaani ileile ila besi za 9, 10 na 11 zimebadilishwa kuwa viambatani vyake. Eneo la mbegu linabaki kama lilivyo, ukataji wa NLRP3 unakufa. Kinachoendelea kutokea kwenye C911 hakitoki kwa NLRP3.

Na punguza kipimo. Nanomola 50 ni nyingi. Anza na 1, 5 na 10, utafute kiasi kidogo kabisa kinachopunguza protini.

Mkuza Seli:

Ahsante Daktari kwa sahihisho la AIM2. Kazi yangu nyingi ni ya seli za panya na nililisema kwa mazoea. Hilo linanikumbusha jambo jingine linalohusiana: mwanafunzi asipime utulivu wa siRNA zake katika makrofeji za panya kwa kudhani kwamba zikinyamaza huko zitanyamaza na kwa binadamu. TLR8 ya panya haiitikii RNA kwa namna ya TLR8 ya binadamu, na seli za panya hutegemea TLR7 zaidi. siRNA inaweza kupita kwa panya ikaja kupiga kelele kwa binadamu.

Kama transfeksheni ya lipidi itaendelea kukuchosha, jaribu elektroporesheni, ile ya kutoboa utando wa seli kwa umeme wa muda mfupi. siRNA huingia moja kwa moja saitoplazimu na kwa sehemu kubwa huzikwepa endosomu. Gharama yake ni seli zinazokufa, na zile zinazobaki zinahitaji muda wa kutulia kabla hujaziletea LPS.

Daktari wa Kinga:

Nijibu lile swali la pembeni kuhusu dawa, kwa sababu linaangaza tatizo lako kwa upande mwingine.

Dawa ya kwanza ya siRNA, patisiran, iliidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa ajili ya ugonjwa wa amiloidi wa kurithi unaotokana na transthyretin. Inasafirishwa ndani ya chembe za lipidi kwa mshipa, kila baada ya wiki tatu, na kabla ya kila dozi mgonjwa hupewa kotikosteroidi, paracetamol na vizuizi vya histamini vya aina mbili, H1 na H2, ili kupunguza mwitikio wa mwili kwa dripu hiyo. Hata katika dawa iliyopita majaribio yote, mwitikio huo unatengewa nafasi na kutayarishiwa.

Dawa zilizofuata, kama givosiran mwaka 2019 na lumasiran mwaka 2020, ziliachana na chembe za lipidi. siRNA imeunganishwa na sukari ya GalNAc, inachomwa chini ya ngozi, na kipokezi cha asialoglikoprotini kwenye seli za ini kinaivuta ndani. Nyukliotidi zake zimerekebishwa zote kwa 2'-O-methili au 2'-fluoro. Kwa hiyo jibu fupi ni kwamba zinaepuka tatizo kwa kemia nzito na kwa kwenda kwenye seli za ini badala ya seli za kinga. Kwa upande wa magonjwa ya kinga na inflamesheni, hilo lina maana kwamba shabaha zilizo karibu ni zile protini zinazotengenezwa na ini, hasa za mfumo wa komplementi, protini za damu zinazosaidia kinga. Cemdisiran, inayolenga C5, mojawapo ya protini hizo, imejaribiwa kwa wagonjwa kwa mantiki hiyo. Kuifikisha siRNA ndani ya makrofeji za kwenye kiungo kilichovimba au ndani ya limfosaiti T ni kazi ambayo bado ni ngumu, na ugumu huo ndio uleule unaokutana nao katika sahani yako ya visima.

Kuna funzo la zamani ambalo ningependa kila mwanafunzi wa fani hii alisome. siRNA zilijaribiwa dhidi ya ukuaji wa mishipa ya damu nyuma ya jicho, zikilenga VEGF, protini inayokuza mishipa ya damu, au kipokezi chake, na zilionekana kufanya kazi kwa panya. Mwaka 2008 ikaonyeshwa kwamba siRNA zisizolenga kitu chochote, mradi ziwe na nyukliotidi 21 au zaidi, zilizuia mishipa hiyo vilevile, kwa kuiamsha TLR3 juu ya uso wa seli. Athari ilikuwa ya kweli. Maelezo yake ndiyo yaliyokuwa ya uongo, na kilichoyafichua ni siRNA ya kulinganishia iliyopewa heshima ya kutazamwa.

Mtafiti Mwanafunzi:

Narudi na taarifa, kwa kuwa mmenipa muda wenu mwingi. Nimefanya jaribio dogo kwa mchangiaji mmoja, bila LPS, saa 8 na saa 24 baada ya transfeksheni. Lipidi peke yake haikugusa IFIT1. siRNA ya kwanza imeipandisha kidogo sana. Ya kulinganishia imeipandisha waziwazi, na ya pili imeipandisha kuliko zote, katika saa zote mbili. Nilipoweka kizuizi cha TLR8, ya kulinganishia na ya pili zote zilirudi karibu na zile za lipidi tu. Endotoksini haikuonekana katika bafa wala katika siRNA.

Baada ya LPS, protini ya NLRP3 kwenye utando imebaki nyingi kwa siRNA zote mbili, kama Mkuza Seli alivyotabiri, na IL-1β changa ndani ya seli imepungua kwenye ya pili pekee. Nimemweleza msimamizi wangu, nimemwonyesha picha ya utando, naye amekubali kwamba matokeo ya siRNA ya pili tusiyatumie. Nimeagiza mpya tatu zilizorekebishwa, C911 zake, na ya kulinganishia yenye kemia hiyohiyo. Nitaanza na nanomola 5, na nitarudia transfeksheni mara ya pili baada ya saa 48 ili kuipa protini ya zamani muda wa kuisha kabla ya LPS.

Swali langu la mwisho: visima vitatu kwa kila hali, kwa mchangiaji mmoja, vinatosha kufanya hesabu za takwimu?

Daktari wa Kinga:

Havitoshi. Visima vitatu vya mchangiaji mmoja vinapima uthabiti wa mkono wako na pipeti, navyo huhesabiwa kuwa kipimo kimoja. Kipimo chako ni mchangiaji. Watu hutofautiana sana katika kiasi cha IL-1β wanachotoa kwa LPS ileile, na hutofautiana vilevile katika ukali wa mwitikio wa TLR8, hivyo panga kila mchangiaji awe na visima vyake vyote, vya lipidi, vya kulinganishia, vya C911 na vya MCC950, siku hiyohiyo na katika sahani hiyohiyo, kisha ulinganishe ndani ya mchangiaji kwa jozi. Amua idadi ya wachangiaji kabla ya kuanza, ukitumia tofauti kati yao utakayoiona katika majaribio mawili ya mwanzo.

Na IFIT1 iendelee kupimwa kwa kila mchangiaji, hata baada ya siRNA mpya kuonekana zimetulia kwa yule wa kwanza. Chukua seli chache kabla ya LPS, uzihifadhi kwenye baridi kali, uzipime zote kwa pamoja mwishoni.